Inauma Kiasi Gani

Kuishi Sumbawanga kuna faida moja ambayo sijasikia mtu akiitaja: unaweza kuvaa sweta mwaka mzima na asikuulize yeyote. Mwezi wa sita na wa saba upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi unaingia hadi kwenye mifupa, na hata miezi ambayo watu wa mikoa mingine wanajipepea, sisi asubuhi tunakwenda kazini tumejifunga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninakaa Kizwite, na nina masweta mengi kuliko magauni. Wenzangu ofisini wananitania kwamba nilizaliwa bila damu, na mimi nacheka nao. Chini ya mikono ya masweta hayo kuna makovu niliyojitia mwenyewe.

Nimeliandika hilo haraka kabla sijabadili mawazo. Sitaeleza nilijiumiza kwa kitu gani wala kwa namna gani, kwa sababu nimefundisha muda wa kutosha kujua kwamba jambo likielezwa vizuri mbele ya darasa, yupo mmoja atakayekwenda kulijaribu. Itoshe kusema kwamba sikuwa nataka kufa. Nikisemwa na mkuu wa shule mbele ya wenzangu, nikimfokea mtoto wa watu kupita kiasi, nikikosea hata jambo dogo la kipuuzi, aibu ilinijaa kifuani mpaka nikashindwa kupumua vizuri, na nilipojiumiza ilipungua. Halafu ilirudi, safari hii na mwenzake, yaani aibu ya kuwa nimejiumiza. Mtu mzima, mwalimu, mama wa mtoto. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Mtoto ninaye mmoja, binti, yuko darasa la tano. Katika watu wote ambao wangeweza kuyaona makovu yale, niliyemwogopa kuliko wote ni yeye. Niliogopa atayaona na kuniuliza. Na zaidi ya hapo niliogopa kwamba kuna kitu ameshakichukua kwangu bila hata kuona chochote, kama watoto wanavyochukua mwendo wa mama zao.

Kwetu Ufipa mtoto wa kike anafundishwa kusalimia na anafundishwa kuvumilia, na kwangu mafunzo hayo mawili yalikuja kama somo moja. Nilijua kuchutama na kupiga makofi taratibu mbele ya mkubwa kabla sijajua kuhesabu. Nilijua pia kwamba ukishachutama hunyanyuki mpaka mkubwa amekujibu na amemaliza. Siku moja alikuja nyumbani kwetu kijijini bibi mmoja mwenye maneno mengi, nikamchutamia karibu na njia ya siafu. Walinipanda. Bibi anauliza habari za shule, habari za shamba, habari za mjomba, na mimi naitikia huku naumwa mapajani. Mama yangu aliona kila kitu na hakusema neno mbele ya mgeni. Jioni alinipa kipande kikubwa cha samaki kuliko cha kaka zangu. Nilielewa vizuri kabisa nilikuwa nasifiwa kwa nini.

Nilipokwenda kujifungua, mama huyo huyo alinisindikiza mpaka mlango wa wodi akaniambia, "Usije ukanitia aibu." Alimaanisha nisipige kelele. Sikupiga. Niliuma pindo la kanga, nikawa kimya kiasi kwamba muuguzi alidhani bado nina safari ndefu, akaenda kwa wenzangu waliokuwa wanalia. Binti yangu nusura azaliwe bila mtu wa kumpokea. Muuguzi aliporudi mbio alinifokea, "Wewe mama, kwa nini husemi?" Lakini nje sifa ilikuwa imeshatangulia: amezaa kimya. Mpaka leo wapo mashangazi wanaonitambulisha kwa wageni kwa sifa hiyo, na nisiwe mnafiki, nilikuwa naipenda.

Kilichonitoa mafichoni ni joto. Mume wangu ana mashine ya kukoboa mpunga Mtowisa, kule bondeni, na sehemu kubwa ya mwaka anaishi huko. Anapanda kuja kwetu akipata nafasi, sisi tunashuka kwake likizo. Likizo ya Desemba mwaka juzi nilishuka na binti yetu. Barabara inateremka ukingo wa bonde kwa makona, na kila kona abiria wanavua nguo moja. Tulipofika chini wote walikuwa wamebaki na fulana. Mimi nilibaki na sweta.

Siku ya pili nilikuwa nimekaa kivulini karibu na mashine, jasho linanitiririka mpaka kidevuni, mikono imefunikwa hadi kwenye vidole. Jirani wa mume wangu pale, mzee mmoja Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alinitazama akatikisa kichwa.

"Mwalimu, baridi ya Ufipa umekuja nayo kwenye mfuko?"

Wateja wakacheka. Ningeweza kumrudishia utani, maana watu wa huko wanautaka utani. Badala yake nikasema, "Sijisikii vizuri, mzee. Nasikia baridi."

Ulikuwa uongo wa kitoto, na niliusema mahali pabaya. Bondeni ukisema unasikia baridi kwenye joto lile, hakuna anayefikiria kitu kingine zaidi ya malaria. Mume wangu alizima mashine saa hiyo hiyo, akaazima pikipiki, akanipeleka zahanati. Ana roho nzuri na hilo lilinizidishia tabu, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma yake nikitafuta namna ya kupona njiani na sikuipata.

Muuguzi wa zamu alinitoboa kidole, akapima, malaria hakuna. Nikashusha pumzi. Kisha akasema anipime presha, nitoe mkono kwenye sweta. Nikamwambia apime juu ya sweta tu.

"Sweta zito hili, dada? Hapana."

Akalikunja mwenyewe, kwa haraka za kazi, mpaka juu ya kiwiko. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anatazama mkono wangu, kisha anageuza macho kuangalia nje, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta yumo mtu. Miaka ya nyuma alishawahi kuona alama moja mbili nikamwambia ni mafuta ya kukaangia, na aliamini, au aliamua kuamini. Sasa aliziona zote kwa pamoja.

Yule dada muuguzi aliushusha mkono wa sweta polepole akasema kwa sauti ya chini kwamba hii si malaria, na kwamba hospitali ya mjini Sumbawanga kuna kliniki ya afya ya akili, niende, wanapokea watu kila wiki. Hakunikaripia. Nilimchukia kwa upole wake kuliko ambavyo ningemchukia kwa matusi.

Njiani mume wangu alisimamisha pikipiki kando ya shamba la mpunga. Hakushuka wala hakugeuka.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi nani?"

Nilivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. Akawasha pikipiki. Hakumwambia mtu, namshukuru, lakini tangu siku hiyo ananisemesha kama aliyebeba trei ya mayai, na mimi kila akinisemesha hivyo natamani arudi kunigombeza kuhusu chumvi kwenye mboga.

Nilikwenda kliniki. Siku ya kwanza nilimkuta kwenye benchi mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja. Tukaamkiana, tukaulizana habari za watoto, kila mmoja akijifanya amemsindikiza mtu. Alipoitwa jina lake alisimama bila kuniangalia, na nilipoitwa langu nadhani aliniona pia. Siku hizi tukikutana sokoni tunasalimiana kwa heshima kubwa isiyo na sababu. Mshauri wa pale alinisaidia. Niliacha, si kwa mara moja na si bila kurudi nyuma, lakini niliacha. Hilo nalisema kwa wanaolihitaji: linaachika, na linaachika vizuri zaidi ukiwa na mtu unayemwambia.

Mwezi wa sita mwaka huu akaja mtafiti pale kliniki. Alikuwa daktari kijana anayesomea magonjwa ya akili chuo kikuu, mdogo wangu kabisa kwa umri, mwenye miwani na koti jipya la baridi lililoonyesha wazi kwamba alinunua baada ya kufika. Alikuwa anatafiti jinsi watu waliowahi kujiumiza wanavyosikia maumivu. Alituita mmoja mmoja, akatueleza bila kuzunguka. Watafiti wa nchi nyingine, alisema, wamekuta mara nyingi kwamba watu hao wanachelewa kusikia maumivu, au wanayastahimili kwa muda mrefu kuliko wengine, na bado watu wanabishana kwa nini. Yeye alitaka kujua kwa watu wa huku. Aliyetaka angeshiriki, asiyetaka angekwenda nyumbani na huduma yake ya kliniki isingeguswa.

Nilikubali upesi, na sababu yake haikuwa nzuri. Nilifurahi. Kama kweli tuko watu ambao miili yetu haisikii kama ya wengine, basi yote haya yalikuwa ni kasoro ya mishipa, kama mtu asiyeona rangi. Nisingekuwa tena mwalimu mjinga anayejiumiza. Ningekuwa mgonjwa mwenye jambo la kitaalamu. Nilikwenda siku ya kipimo kama mtu anayekwenda kuchukua barua ya kumsafisha.

Kipimo kilikuwa maji ya barafu. Barafu yenyewe ilikuwa kichekesho cha mji. Msaidizi wake alikuwa anainunua kwenye duka la soda karibu na stendi, na mwenye duka, bwana mmoja wa familia za Kiislamu zinazofanya biashara ya maduka na malori, aliwaambia watu kwamba amekaa Sumbawanga maisha yake yote hajawahi kuona mtu anayenunua barafu mwezi wa sita. Walidhani ni kwa ajili ya samaki.

Daktari aliniamkia shikamoo, akaniweka kwenye kiti mbele ya beseni. Nizamishe mkono hadi kwenye kifundo. Nimwambie maumivu yakianza. Niutoe wakati wowote nitakapotaka. Hilo alilirudia: wakati wowote, hapa hakuna kushinda wala kushindwa, mwalimu, tafadhali usijikaze. Nikaitikia. Lakini sisi walimu ndio tunaowaambia watoto kila siku kwamba mtihani ni mwepesi wasiwe na wasiwasi, kwa hiyo najua maneno hayo yana thamani gani.

Mwanzo yalikuwa kama maji ya bomba la kwetu alfajiri ya mwezi wa saba, ambayo nimeoshea vyombo tangu nina akili. Nikamdharau moyoni. Baada ya muda maumivu yakaanza kwenye vidole, yakapanda, yakaingia kwenye mfupa na kukaa humo. Nikamwambia yameanza. Akaandika. Nataka hili lieleweke: nilitaka kuutoa mkono. Mwili wangu wote ulitaka kuutoa. Nilikuwa nakanyaga mguu mmoja kwa mwingine chini ya meza.

Nikamtazama daktari. Alikuwa ameinamia saa yake. Nikawa nasubiri ainue kichwa aniambie basi.

"Sasa hivi inauma kiasi gani, mwalimu? Sifuri ni hakuna, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria."

"Tatu," nikasema.

Mimi ni mwalimu mkali wa kusahihisha. Kumi kwa kumi simpi mtoto hivi hivi, hata aliyepata yote namtafutia kosa kwenye mwandiko. Nilitoa tatu kwa tabia ile ile, na kwa sababu mtu akikuuliza habari yako unasema nzuri. Aliponiuliza tena nikasema nne, nikaona nimezidisha. Mwishowe aliinua kichwa, akasema muda wa juu kabisa wa kipimo umefika, nitoe mkono. Nikautoa papo hapo kama niliyefunguliwa kamba. Ulikuwa umekufa ganzi, vidole havikunjiki. Na naona haya kuandika hili kuliko yote niliyokwisha kuandika: nilikaa pale nikisubiri anisifu.

Hakunisifu. Alinipa taulo, akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza.

"Mwalimu, ulikuwa husikii?"

"Nilikuwa nasikia."

"Kidogo?"

"Sana."

"Ulitaka kuutoa?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuutoa?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Hukuniambia nitoe."

Mimi nilisikia nilichosema kikirudi masikioni mwangu, na uso ukanishuka. Mtoto yule, ambaye ningeweza kumfundisha darasa la kwanza, alikuwa ameniambia kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba mkono ni wangu. Na mimi nilikuwa nimemchutamia.

Kisha akanieleza. Wapo, alisema, ambao kweli maumivu yanawachelewa, na bado haijulikani kama walizaliwa hivyo au mwili umejifunza. Wapo pia wanaosikia kama mtu mwingine yeyote, ila wamejiaminisha kwamba wanastahili kuumia, au kwamba maumivu yao si jambo la kumsumbua mtu, kwa hiyo mkono unabaki majini. Kwenye saa watu hao wawili wanafanana. Ndiyo maana anaongea na kila mmoja baada ya kumpima.

Nikamwomba afute ile tatu aandike tisa. Akasema hawezi kufuta, ila ataongeza maelezo yangu pembeni. Nikamkasirikia. Nilimwona ni katoto ka juzi kamekuja na barafu yake kunivua nguo, nikavaa sweta langu, nikaaga kwa ufupi usio wa kwetu, nikaondoka. Sikupanda bajaji. Nilitembea mpaka Kizwite nikiuma meno. Nilikwenda pale kutafuta mwili wenye kasoro, nikapewa mwili mzima, unaosikia kila kitu, uliokuwa unasikia kila kitu siku zote zile nilipoutendea vile. Hilo lilinitia aibu mpya kabisa, na hii haikuwa na dawa niliyoizoea, kwa sababu niliapa kutorudi huko.

Nilipofika nyumbani nilimkuta binti yangu jikoni. Alikuwa anaipua sufuria ya maharage kwenye jiko la mkaa kwa mikono mitupu. Kitambaa kilikuwa kando yake.

Sikuwa naliona hilo kwa mara ya kwanza. Nilishaliona mara nyingi, na nilikuwa nikimsifia. Mbele ya wageni nilikuwa nasema, "Huyu wangu ni chuma," na yeye anainamisha kichwa kwa furaha. Akijikwaa, neno letu la nyumbani lilikuwa jikaze kisabuni, tukacheka, yakaisha. Sasa nikamshika mikono nikaigeuza. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama za mtu mzima.

"Umeungua?"

"Hapana, mama."

"Haikuumi?"

"Hapana."

Alijibu haraka, kwa adabu, na mimi niliijua sauti ile.

Nikaanza kumfundisha. Nilimwambia kuanzia leo akiumia aseme, hata kama ni kidogo, hata kama kuna wageni. Alinitazama kama wanafunzi wanavyonitazama mtaala ukibadilishwa katikati ya mwaka. Alijaribu kunifurahisha. Siku moja aliniambia kiatu kinambana, nikafurahi mno, nikamkagua nikakuta hakimbani. Alikuwa amenitungia. Wakati huo huo mama yangu alikuja kutoka kijijini na ulezi na maharage, akanikuta namuuliza mtoto kama maji ya kuoga yana baridi sana.

"Unamfundisha kudeka," mama akasema. "Atakuja kuzaaje huyu?"

Binti yangu alikuwa pale anatusikiliza sisi wawili. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Ningeweza kumwambia mama kwa heshima kwamba mimi nilivyokaa kimya kilichonipata ni hiki. Nilikuwa nimekaa chini, yeye kwenye kigoda. Nikasema, "Ndiyo, mama," nikaendelea kuchambua maharage. Mtoto alinitazama kidogo kisha akaenda kuoga na maji yake ya baridi.

Baada ya likizo shule zilipofunguliwa, mwalimu wa darasa lake alinivuta pembeni ofisini. Aliniambia binti yangu siku hizi akiitwa anageuza shingo nzima, kama anayesikilizia upande mmoja. Nikasema labda ni michezo yao. Jioni nilimwita nikiwa upande wake wa kushoto, kwa sauti ya kawaida, na hakugeuka. Nilikwenda kwenye mto wake wa kulalia nikaunusa. Ulikuwa na harufu ya usaha. Kumbe alikuwa anaugeuza kila asubuhi ili upande ulioloa uwe chini.

Asubuhi yake tulikuwa hospitalini. Daktari alikuwa mwanaume wa makamo, asiye na maneno mengi. Alimulika sikio muda mrefu.

"Hili ni la siku nyingi. Alianza kulalamika lini?"

"Hajalalamika."

Aliniangalia kama mimi ninavyowaangalia wazazi wanaoleta watoto shule bila kuwaogesha. Nilistahili. Akamgeukia mtoto, akabonyeza taratibu nyuma ya sikio.

"Hapa inauma?"

Binti yangu hakumjibu. Alinitazama mimi kwanza. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka yenyewe tu mpaka kwenye kola ya sare, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, unasoma wangu. Alikuwa anatafuta kwangu anaruhusiwa kuumwa kiasi gani. Sijui aliona nini usoni mwangu. Miaka yote ile uso wangu umefanya kazi moja tu.

"Hapana," akamwambia daktari.

"Inamuuma," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na muuguzi aliyekuwa dirishani akageuka. "Inamuuma sana, daktari. Anasema hapana kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha."

Daktari aliandika dawa. Alisema ngozi ya ndani ya sikio imetoboka, kwamba ya watoto mara nyingi inajifunga yenyewe, turudi aiangalie. Binti yangu hakuinua kichwa tena. Alijifuta uso kwa kiganja, akavaa sweta lake akavuta mikono yake mpaka ikafunika vidole, na tulipotoka alitembea hatua kadhaa mbele yangu. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu. Alinikasirikia njia nzima, na nilimwelewa, kwa sababu nami nilishatembea njia ile ile nikimkasirikia mtu kwa kosa hilo hilo.

Karibu na nyumbani alipunguza mwendo mpaka nikamfikia. Alijiweka ili upande wake unaosikia uwe kwangu.

"Mama, ulijuaje?"

Nikamwambia tukifika nyumbani nitamweleza. Tulifika. Nikawasha jiko, nikampa dawa, nikabandika maji ya ugali, na yeye alikaa kwenye kigoda akinisubiri mpaka ugali ukaiva, kisha akala. Sijamweleza mpaka leo ninapoandika haya. Sikio linapona vizuri. Hajauliza tena, na tabia hiyo ya kutouliza ameichukua kwangu.